Haki za Kikatiba na Marekebisho ya Katiba ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkongomani aliyefika Marekani kwa mpango wa wakimbizi, Mkenya aliyekwenda kusoma na Mtanzania aliyemfuata mwenzi wake, wote hukutana na Katiba ya nchi ile mapema kuliko walivyodhani. Wengine hukutana nayo barabarani polisi anapowasimamisha, wengine kwenye fomu ya leseni ya udereva, wengine kwenye mtihani wa uraia. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mara. Nimekaa zaidi kwenye yale ambayo kosa dogo linaweza kumgharimu mtu makazi yake. Haya ni maelezo ya jumla, na mwenye kesi amwone wakili.

Katiba ya Marekani imerekebishwa mara ngapi, na Hati ya Haki ni ipi?

Mara 27. Katiba iliandikwa Philadelphia mwaka 1787 na serikali iliyoundwa kwayo ikaanza kazi mwaka 1789. Marekebisho 10 ya kwanza yaliidhinishwa kwa pamoja tarehe 15 Desemba 1791, na hayo ndiyo Hati ya Haki. Humo mna uhuru wa dini, wa kusema, wa magazeti na wa kukusanyika. Haki ya kumiliki silaha. Kinga dhidi ya upekuzi holela. Haki ya kutojishtaki mwenyewe. Haki ya wakili na ya kesi kuamuliwa na jopo la raia. Na katazo la adhabu za kikatili. Yale ya tatu, yanayozuia wanajeshi kulazwa katika nyumba za watu bila idhini wakati wa amani, hayasikiki sana mahakamani siku hizi.

Kwa nini haki hizo hazikuwekwa tangu mwanzo?

Wengi wa waandishi waliona hazihitajiki. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali kuu ina mamlaka yale tu iliyopewa, na kwa kuwa haikupewa mamlaka ya kubana magazeti, hakuna haja ya kuikataza. George Mason wa Virginia hakuridhika na hoja hiyo, akakataa kutia saini. Majimbo kadhaa yaliikubali Katiba kwa shingo upande, yakiambatanisha orodha ya marekebisho yaliyoyataka. James Madison, ambaye awali hakuliona jambo hili kuwa la lazima, ndiye aliyekuja kuyaandaa Bungeni. Marekebisho 12 yalipelekwa majimboni, yakapita 10.

Lisemwe wazi pia kwamba Mason na Madison walimiliki watumwa. Maneno mazuri ya mwaka 1791 hayakumfikia mtu aliyekuwa akilima mashamba yao. Isitoshe, mwaka 1833 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Hati ya Haki inaifunga serikali kuu peke yake. Serikali ya jimbo ingeweza kumkandamiza mtu na Hati hiyo isimsaidie. Ilichukua vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanza kuyarekebisha haya.

Katiba inarekebishwaje, na mbona ni nadra?

Pendekezo lazima lipate theluthi mbili ya kura katika Seneti na theluthi mbili katika Baraza la Wawakilishi, kisha likubaliwe na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Kuna njia nyingine: theluthi mbili ya majimbo kudai mkutano maalumu wa kikatiba. Njia hiyo haijatumika hata mara moja. Rais hana sehemu yoyote rasmi katika shughuli hii; saini yake haihitajiki na kura yake ya turufu haipo.

Wabunge wamewasilisha mapendekezo zaidi ya 11,000 tangu mwanzo. Bunge limeyapitisha 33 tu, na majimbo yakakubali 27. Mengine huenda haraka: yale ya 26, yaliyoshusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, yalikamilika mwaka 1971 katika muda wa miezi michache, wakati vijana wa miaka 18 walikuwa wakipelekwa Vietnam kufa bila kuwa na kura. Mengine hulala. Yale ya 27, yanayosema wabunge wakijiongezea mshahara nyongeza isianze kabla ya uchaguzi unaofuata, yalipendekezwa mwaka 1789 na kuidhinishwa mwaka 1992. Aliyeyaamsha ni Gregory Watson, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Texas. Mwaka 1982 aliandika insha akidai pendekezo lile bado ni hai, akapewa alama ya C, kisha akaanza kuyaandikia mabunge ya majimbo barua moja baada ya nyingine mpaka ikawa.

Marekebisho ya 13, 14 na 15 yalibadilisha nini?

Ukiniuliza mimi, hapa ndipo Katiba ya pili ya Marekani ilipoandikwa. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani, awe mtumwa au huru. Hukumu hiyo haikufutwa na majaji. Ilifutwa na vita, na kisha na marekebisho haya matatu.

Ya 13, mwaka 1865, yalipiga marufuku utumwa, ila yakaacha mwanya: kazi ya kulazimishwa inaruhusiwa kama adhabu ya mtu aliyetiwa hatiani. Majimbo ya Kusini yaliingia kwenye mwanya huo mara moja, yakitunga sheria za kumkamata mtu mweusi kwa uzururaji na kumkodisha kwa wenye mashamba na migodi. Ya 14, mwaka 1868, yalisema kila aliyezaliwa au kupewa uraia Marekani, na aliye chini ya mamlaka yake, ni raia. Na kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata sheria, wala kumnyima ulinzi sawa wa sheria. Ni kwa kupitia haya ya 14 ndipo mahakama, kuanzia karne ya 20, zilipoanza kuyabana majimbo kwa sehemu kubwa ya Hati ya Haki. Ya 15, mwaka 1870, yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa.

Kama kura ilihakikishwa mwaka 1870, kwa nini watu weusi walikuwa bado wakiipigania miaka ya 1960?

Kwa sababu majimbo yalitafuta njia ambazo hazikutaja rangi. Kulikuwa na kodi ya kura, yaani malipo ambayo bila hayo mtu haruhusiwi kupiga kura, na wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoikumbuka kodi ya kichwa ya mkoloni wataelewa haraka ilikuwa ikimlenga nani. Kulikuwa na mitihani ya kusoma na kufasiri sheria, msahihishaji akiwa karani mzungu mwenye uamuzi wa mwisho. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na vitisho na mauaji.

Mwaka 1962 Fannie Lou Hamer, mwanamke mkulima wa Mississippi, alikwenda kujiandikisha. Aliulizwa maswali ya sheria ambayo wengi wa wapiga kura wazungu wasingeyaweza, akakataliwa, na aliporudi alifukuzwa kwenye shamba alikofanya kazi na kuishi kwa miaka 18. Mwaka uliofuata alipigwa vibaya akiwa mahabusu. Mwaka 1964 aliyaeleza hayo mbele ya kamera za televisheni katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Mwaka huo huo marekebisho ya 24 yalifuta kodi ya kura katika chaguzi za kitaifa, na mwaka 1965 ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyowapa maafisa wa serikali kuu nguvu ya kuingilia kati. Baina ya mwaka 1870 na 1965 ni miaka 95. Neno la Katiba lilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni serikali iliyo tayari kulitekeleza. Na hata sasa ubishi haujaisha: mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliondoa sehemu kubwa ya nguvu ya sheria hiyo ya 1965.

Wanawake walipata kura lini?

Kitaifa, mwaka 1920, kwa marekebisho ya 19. Jimbo la mwisho lililohitajika lilikuwa Tennessee, na kura iliyoamua ilipigwa na Harry Burn, mbunge kijana wa miaka 24, ambaye mfukoni alikuwa na barua ya mama yake ikimsihi aunge mkono. Wanawake weusi wa Kusini, hata hivyo, waliendelea kukumbana na vizuizi vile vile nilivyovitaja. Pendekezo jingine la kuweka usawa wa jinsia ndani ya Katiba lilipita Bungeni mwaka 1972, na hadi muda uliowekwa ulipokwisha halikuwa limefikisha majimbo 38.

Mimi si raia. Katiba inanilinda?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Baadhi ya haki ni za raia peke yao, hasa kupiga kura katika chaguzi za kitaifa na kugombea baadhi ya nafasi. Lakini ulinzi wa sheria katika marekebisho ya 5 na ya 14 umetolewa kwa mtu yeyote aliye ndani ya nchi.

Hili halikuja lenyewe. Katika miaka ya 1880 jiji la San Francisco lilidai kibali maalumu kwa dobi zilizo kwenye majengo ya mbao. Wachina wapatao 200 waliomba, wote wakanyimwa. Waombaji wasio Wachina wapatao 80 walipewa, isipokuwa mmoja. Yick Wo, mfua nguo asiye raia, alipelekwa jela kwa kuendelea na kazi yake. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi: sheria isiyotaja taifa la mtu bado ni ubaguzi ikiwa inatekelezwa kwa jicho la chuki. Mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas, mahakama hiyo hiyo ilisema shule za umma haziwezi kumfungia mlango mtoto kwa kuwa wazazi wamemleta nchini bila karatasi. Majaji watano walikubali, wanne wakakataa. Mzazi anayeogopa kumwandikisha mtoto wake shuleni aijue hukumu hii.

Mtoto wangu amezaliwa Marekani. Ni raia?

Kwa maneno ya marekebisho ya 14, na kwa hukumu ya mwaka 1898 ya Wong Kim Ark, ndiyo. Huyu alizaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina ambao sheria ya wakati huo haikuwaruhusu kuwa raia. Aliporudi kutoka safari ya China mwaka 1895 alizuiwa kuingia. Alishtaki, akashinda. Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa na wazazi wasio na hati, au walio nchini kwa viza za muda, na amri hiyo ikapingwa mahakamani papo hapo. Shika cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitunze vizuri, na ufuatilie habari za kesi hizo kwa wakili au shirika la kisheria unaloliamini, usitegemee sauti zinazozungushwa WhatsApp.

Maafisa wakibisha hodi, lazima niwafungulie?

Marekebisho ya 4 yanailinda nyumba kuliko mahali pengine popote. Kanuni ambayo mahakama zimeishikilia kwa muda mrefu ni kwamba afisa anahitaji hati iliyotiwa saini na jaji, au ruhusa yako, au dharura ya kweli. Hati inayotolewa na idara ya uhamiaji yenyewe, bila saini ya jaji, ni kitu kingine. Unaweza kuzungumza mlango ukiwa umefungwa na kuomba hati ipitishwe chini ya mlango au ionyeshwe dirishani. Ukifungua na kusema karibuni ndani, kama adabu yetu ilivyotufundisha, umetoa ruhusa.

Wakiingia kwa nguvu, usishindane nao kwa mikono. Sema kwa sauti kwamba hukubali upekuzi, kumbuka majina na namba zao, mengine yatasemwa mahakamani. Usidanganye na usionyeshe karatasi bandia. Uongo kwa afisa ni kosa linalojitegemea.

Simu nayo ina ulinzi: tangu mwaka 2014 polisi wakikukamata hawawezi kuichimba bila hati ya jaji. Uwanja wa ndege na mpakani ni tofauti, huko mamlaka yao ya kupekua ni mapana zaidi.

Haki ya kukaa kimya inafanyaje kazi?

Chanzo chake ni marekebisho ya 5. Kwa hukumu ya mwaka 1966 ya Miranda, polisi wanaomshikilia mtu na kutaka kumhoji lazima kwanza wamwambie kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, na kwamba asiye na uwezo atapewa. Wengi hudhani kunyamaza tu kunatosha. Mwaka 2013 mahakama ilikataa hoja ya mtu aliyekuwa akijibu maswali ya polisi kwa hiari kabla ya kukamatwa, akanyamaza ghafla kwenye swali moja, na ukimya wake ukatumiwa dhidi yake. Kwa hiyo tamka: sitajibu maswali, nataka wakili. Kisha nyamaza kweli. Watu wetu hulelewa kumjibu mkubwa anapouliza, na wengi wameharibu kesi zao kwa heshima.

Wakili wa bure ni kwa kila kesi?

Hapana, na hapa ndipo wengi huumia. Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon, mtu maskini wa Florida, alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, hakimu akamwambia sheria ya jimbo inampa tu anayekabiliwa na adhabu ya kifo. Alifungwa miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi za gereza, akaiandikia Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: asiye na uwezo anayeshtakiwa kwa kosa zito la jinai lazima apewe wakili. Kesi yake ilisikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, akaachiwa huru. Kila maskini anayesimama leo na wakili wa umma kando yake ananufaika na penseli ya mfungwa yule.

Lakini kesi ya kufukuzwa nchini haihesabiwi kuwa ya jinai. Katika mahakama ya uhamiaji unaruhusiwa kuwa na wakili, ila kwa kawaida serikali haimlipi. Tafuta mashirika ya msaada wa kisheria mapema.

Jambo la pili: usikubali kosa lolote la jinai, hata dogo, bila kumuuliza wakili litaathiri vipi ukaazi wako. Mwaka 2010, katika kesi ya José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa ameishi Marekani zaidi ya miaka 40 na kulitumikia jeshi lake wakati wa vita ya Vietnam, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa utetezi analazimika kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini. Na omba mkalimani. Ukiwa umetoka Bukavu na mkalimani anazungumza Kiswahili usichokielewa sawasawa, mwambie hakimu hapo hapo. Kutikisa kichwa ili kikao kiishe kumewaponza wengi.

Uhuru wa kusema una mipaka?

Mipaka ni michache kuliko katika nchi nyingi. Mwaka 1943 mahakama ilisema watoto wa Mashahidi wa Yehova hawawezi kulazimishwa kuipigia bendera saluti, na hiyo ilikuwa katikati ya vita kuu. Mwaka 1969 iliwalinda wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Mwaka 1989 ilisema hata kuchoma bendera katika maandamano ni maoni yanayolindwa. Vitisho vya kweli na uchochezi wa fujo za papo hapo havilindwi.

Katazo hili linaihusu serikali. Mwajiri binafsi akikufukuza kwa ulichoandika Facebook, marekebisho ya kwanza kwa kawaida hayakusaidii. Na wenye viza wajue kwamba tangu mwaka 2025 serikali imefuta viza na kujaribu kuwafukuza baadhi ya wanafunzi kwa sababu ya maandamano na maandishi yao kuhusu Gaza, na kesi zimejaa mahakamani. Naona ni jambo la kusikitisha sana katika nchi yenye historia niliyoieleza.

Je, mwajiri anaweza kunikataza hijabu?

Kinga yako hapa inatoka zaidi kwenye Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 kuliko Katiba. Mwaka 2015 msichana Mwislamu aliyenyimwa kazi dukani kwa sababu ya hijabu alipata ushindi katika Mahakama ya Juu. Mwajiri anatakiwa kukuwekea nafasi isipokuwa akionyesha kwamba kufanya hivyo kunamletea mzigo mkubwa.

Na bunduki?

Mwaka 2008 mahakama iliamua kwamba marekebisho ya pili yanampa mtu binafsi haki ya kuwa na silaha nyumbani, na mwaka 2022 ikaipanua hadi kubeba hadharani. Mgeni asije akadhani haki hiyo ni yake: sheria ya kitaifa inawakataza wasio na hati, na wengi wa wenye viza za muda, kumiliki hata risasi. Picha ya kujionyesha na bunduki ya rafiki inaweza kuwa ushahidi.

Mahakama ya Juu ikishaamua, ndiyo basi?

Hapana. Mwaka 1896 ilihalalisha ubaguzi wa rangi, mwaka 1954 ikaukataa katika shule. Mwaka 1944 ilibariki kuhamishwa kwa nguvu kwa Wamarekani wenye asili ya Japani. Watu wapatao 120,000 waliwekwa kambini, na mwaka 1988 Bunge likaomba radhi na kuwalipa waliokuwa hai dola 20,000 kila mmoja. Mwaka 1973 ilitambua haki ya kutoa mimba, mwaka 2022 ikaiondoa. Majaji huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na hukaa maisha yao yote wakitaka. Ndiyo maana kila kiti kinapobaki wazi nchi nzima huchemka.

Kuna uhusiano wowote na katiba zetu?

Upo, na unastahili kujulikana zaidi. Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya shule ya mwaka 1954, alialikwa kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, mwaka 1960, Tom Mboya akiwa miongoni mwa waliomtaka. Aliandaa rasimu ya hati ya haki kwa Kenya. Humo aliweka ulinzi wa mali za wachache, wakiwemo walowezi wazungu, yeye ambaye kwao alikuwa akinyimwa chumba hotelini kwa rangi yake. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Rasimu yake iligusa pia elimu na afya, mambo ambayo Katiba ya kwao haiyataji kabisa. Kenya iliyaweka katika ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010, pamoja na chakula, maji na makazi. Tanzania iliingiza haki za binadamu katika Katiba yake kwa marekebisho ya mwaka 1984.

Nina kadi ya ukaazi, ninalipa kodi. Naweza kupiga kura?

Si katika uchaguzi wa kitaifa. Ni kosa la jinai kwa asiye raia, na kujidai raia kunaweza kukufungia njia ya uraia maisha yako yote, au kukurudisha ulikotoka. Wengi waliopatwa na hili hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa kwenye ofisi ya leseni ya udereva, wakaulizwa kama wanataka kuandikishwa kupiga kura, wakaitikia ndiyo kwa kudhani ni sehemu ya utaratibu. Soma kila mstari kabla ya kusaini. Karani akikuharakisha, mwombe akusubiri au urudi siku nyingine na mtu anayejua Kiingereza vizuri. Ukigundua umekwisha andikishwa, usipige kura, na umwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma ombi lolote la uraia.